Mazoezi ya kawaida tu, mafuta kwenye damu na insulini: kwanini mzani hausogei lakini majibu ya maabara yanabadilika

Mtu wa Maabara (mleta uzi)

Wakuu salama? Mi kazi yangu ni damu za watu, natoa asubuhi napima mpaka jioni, na pale dirishani kuna lalamiko moja haliishi. Mtu kaanza kutembea jioni, mwezi wa pili huu, kapanda mzani kakuta kilo zilezile, anakuja kupima mafuta shingo upande akiamini hamna kitu. Majibu yakitoka trigliseridi, moja ya mafuta ya kwenye damu, zimeshuka, anaanza kuniuliza kama mashine yetu ni nzima. Mashine nzima. Ishu ni kwamba tumeaminishwa mazoezi ni ya kupunguza kilo, kilo zisipopungua mtu anajiona kahangaika bure, kumbe ndani ya damu kuna vitu viwili vimeshaanza kubadilika ambavyo mzani hauna uwezo wa kuviona, yani mafuta na insulini.

Nianze na mafuta maana hayo nayaona kwa macho. Damu ikishaganda kwenye kichupa ukaizungusha kwenye mashine, chembe nyekundu zinakaa chini, juu unabaki na maji ya njano yanayopitisha mwanga, ukikishika kichupa dirishani unaona vidole vyako upande wa pili. Sasa kwa mtu ambaye trigliseridi zake zimepanda sana yale maji hayawi ya njano, yanatoka meupe mazito rangi ya maziwa, vidole huvioni, na saa nyingine vipimo vingine vinagoma kabisa kwa sababu mashine zetu nyingi zinapima kwa kupitisha mwanga na hapo mwanga haupiti. Na wenye damu ya hivyo sio wazee peke yao wala sio wanene peke yao.

Trigliseridi ndio mafuta ya kuchomwa, akiba ya nguvu inayozunguka kwenye damu. Kolesto ni kitu kingine, hiyo mwili unaitumia kujengea kuta za seli na kutengenezea homoni, ndio yenye LDL (ile wanayoiita kolesto mbaya) na HDL (ile nzuri) mnazoziona kwenye karatasi. Watu wanavichanganya hivi viwili kila siku. Alafu trigliseridi hazitoki kwenye mafuta ya chipsi tu, ini lenyewe linatengeneza kutokana na wanga na sukari iliyozidi, na pombe inachochea sana. Ndio maana unamkuta mtu anaapa "mi mafuta sigusi" wakati kila siku ana soda mbili na mlima wa ugali, karatasi inasoma 3.8. Kawaida inatakiwa chini ya 1.7 kwa vipimo vya mmol (maabara zinazotumia mg ni chini ya 150). Ikivuka 5.6, yani 500 kwa mg, hapo tunaongelea hatari ya kongosho kuvimba, na kongosho likivimba ni mateso, mtu analazwa.

Sasa misuli inaingiaje. Kwenye kuta za vile vimishipa vidogo vinavyopita ndani ya misuli kuna kimeng'enya kinaitwa lipoprotini lipesi, kazi yake ni kuyakatakata yale mafuta yanayopita na damu ili misuli iyachukue ikayachome. Ukikaa kwenye kiti kutwa nzima kinapungua. Ukitembea kinaongezeka, ila hakiongezeki palepale, kinapanda taratibu masaa kadhaa baada ya wewe kumaliza mpaka kesho yake. Hapa ndio pananifurahisha mimi, maana maana yake ni kwamba ukitembea leo jioni kwa saa moja, mafuta ya chakula cha KESHO ndio yatasafishwa haraka zaidi. Wale watafiti wa Loughborough kule Uingereza walikuwa wanafanya hivyo, mtu anatembeshwa leo, kesho asubuhi anapewa mlo wenye mafuta mengi, alafu anatolewa damu kila baada ya muda, na trigliseridi zinapanda kidogo kuliko siku ambayo jana yake hakutembea. Kutembea tu, hakuna aliyekimbizwa.

Insulini nayo, homoni inayotolewa na kongosho. Kawaida sukari haiingii kwenye misuli mpaka insulini ibishe hodi mlango wa mbele. Mtu mwenye usugu wa insulini, mlango wa mbele umekuwa mgumu, kongosho linalazimika kumwaga insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile, miaka inapita sukari bado inasoma vizuri kwenye kipimo huku kongosho linachoka kimyakimya. Sasa misuli inapokunjuka na kujikunja ina mlango wa uani, vile vibebeo vya sukari vinaitwa GLUT4 vinapanda juu kwenye ukuta wa seli bila kusubiri insulini, sukari inaingia. Na ukishamaliza mazoezi hata mlango wa mbele unabaki mwepesi kwa siku moja, saa nyingine mbili au zaidi kidogo. Misuli ndio mlaji mkubwa wa sukari mwilini, insulini ikifanya kazi sehemu kubwa ya sukari inaishia huko, kwa hiyo ukiirahisishia misuli umelipunguzia kongosho mzigo.

Neno la kushika hapo ni siku moja au mbili. Mazoezi ni dozi na dozi ina muda wake. Chama cha kisukari cha Marekani kinashauri mtu asipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila kufanya chochote, na sababu ndio hiyo. Yule anayekimbia Jumamosi peke yake na klabu ya joging alafu kuanzia Jumapili mpaka Ijumaa ni kiti cha ofisi na kiti cha gari, anapata kitu ndio, ila Jumanne usiku mwili wake umeshasahau.

Na lipi halibadiliki sana, tuseme ukweli. LDL. Mazoezi ya wastani yanaigusa LDL kidogo mno, kwa wengi haisogei. Kwa hiyo kama daktari kakuandikia dawa ya LDL usije ukaiacha kwa sababu umesoma uzi wangu, nitakushangaa. HDL inapanda kidogo na inataka mazoezi mengi zaidi na muda. Zinazoitika haraka ni trigliseridi na insulini.

Maswali karibu. Wauza majani ya kusafisha mafuta kwa siku saba, mna jukwaa lenu.

kiti cha mbele

Nimekaa siti ya mbele kabisa na karanga zangu. Mkuu endelea kushusha.

Chuma Mzito

Mkuu umeandika vizuri ila naona unawadekeza watu. Kutembea ni mazoezi ya wazee wa kanisani, mi nashauri kijana aingie jimu apige chuma na mbio za kukata pumzi dakika ishirini amalize, mwili unachoma mafuta masaa 24 hata ukiwa umelala. Nusu saa ya kutembea unachoma nini? Kalori za andazi moja tu.

Mtu wa Maabara

Mkuu Chuma, chuma ni kizuri na sikipingi, misuli ikiwa mikubwa sukari ina pa kwenda. Ila kwenye hili la ukali dhidi ya wingi kuna utafiti mmoja wa maana sana ulifanyika Chuo Kikuu cha Duke kule North Carolina, unaitwa STRRIDE, matokeo ya mafuta yalitoka 2002. Walichukua watu wanene kiasi, wasiofanya mazoezi, mafuta yao hayako vizuri, wakawagawa. Kuna waliokaa kama walivyo. Kuna waliotembea sawa na kilomita 19 hivi kwa wiki. Kuna waliokimbia taratibu kilomita hizohizo 19. Na kuna waliokimbia 32. Miezi kama nane jumla. Na hapa sikiliza vizuri, waliambiwa WASIPUNGUE uzito makusudi, ili isije ikasemwa ni kilo ndio zimefanya kazi.

Kwenye mafuta, waliofanya kilomita nyingi ndio walifaidi zaidi, na kilichobeba ni wingi wa mazoezi sio ukali wake. Hata LDL ambayo jumla yake haikusogea, chembechembe zake zilibadilika zikawa kubwa badala ya zile ndogondogo zilizosongamana ambazo ndio mbaya. Na waliokaa bure hawakubaki palepale, walizidi kuharibika ndani ya hiyo miezi michache. Hilo watu wanalisahau, kukaa tu nako kuna matokeo yake.

Sasa insulini, majibu yake yalitoka 2004 na ndio yatakukera. Waliotembea dakika kama 170 kwa wiki, na waliokimbia dakika kama 170 kwa wiki (wale wa kilomita 32), mwili kuitikia insulini uliongezeka kwa asilimia 85 hivi kwa makundi yote mawili. Waliokimbia dakika 115 kwa wiki waliongezeka asilimia 40 hivi. Yani mtembeaji aliyetembea kilomita 19 alimzidi mkimbiaji aliyekimbia kilomita hizohizo 19, kwa sababu mtembeaji anatumia muda mrefu zaidi kuzimaliza. Kwa insulini saa ndio inayolipa.

Na la kalori za andazi ni kweli kabisa, sibishi. Ndio maana nimesema mzani hausogei.

Chuma Mzito

Daah. Haya hiyo ya dakika nimeielewa. Ila chuma sitoki.

mama wawili Tanga

Samahani kaka mleta uzi, mi niko tofauti kidogo, mama yangu mzazi ana sukari ana miaka 67 anatumia glibenclamide na metformin, majirani wamemshauri atembee asubuhi baada ya swala ya alfajiri kabla hajala kitu, juzi karudi anatetemeka jasho linamtoka hajui hata anaongea nini, tukampa chai ya sukari akakaa sawa. Sasa aache kutembea? Maana kaogopa hataki tena.

Sista wa zamu

Dada pole na mpe pole mama. Mi ni nesi kliniki ya sukari, ngoja nijibu hili. Hiyo ni sukari kushuka na mmefanya vizuri kumpa kitu cha sukari haraka, mngechelewa angeweza kuzimia. Glibenclamide inalilazimisha kongosho litoe insulini iwe kuna chakula au hakuna, sasa ongeza na ule mlango wa uani wa mleta uzi, sukari inaingia kwenye misuli kwa njia mbili kwa mpigo wakati tumbo halina kitu. Metformin peke yake ni nadra kufanya hivyo, inayoleta shida ni hiyo nyingine, na wanaochoma insulini nao ni hivyohivyo.

Asiache kutembea. Abadilishe saa, atembee baada ya kula badala ya kabla. Atembee na mtu, awe na pipi au glukosi mfukoni na kama mna mashine ya nyumbani apime kabla ya kutoka. Alafu arudi kwa daktari wake amwambie kilichotokea, kwa sababu wengi wakianza mazoezi dozi ya hiyo dawa inabidi iangaliwe upya hasa kwa umri wake, ila msiipunguze wenyewe nyumbani. Na miguu dada, viatu vilivyofunika vidole na soksi, sio ndala. Akirudi aangaliwe nyayo, maana wenye sukari ya muda mrefu wanaweza kukanyaga msumari wasisikie. Kliniki tunaona vidonda vilivyoanza na kijiwe tu kwenye kiatu.

mama wawili Tanga

Asante sana dada angu Mungu akubariki. Baada ya kula, nimeelewa.

Mtu wa Maabara

Asante Sista, hapo umenisaidia. Na hiyo ya baada ya kula ina faida hata kwa ambaye hatumii dawa yoyote. Kuna utafiti wa 2013 walichukua wazee wa miaka 60 kwenda juu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kuyumba, wakawatembeza dakika 15 baada ya kila mlo, siku nyingine wakawatembeza dakika 45 kwa mkupuo mmoja. Sukari ya masaa 24 ilishuka karibu sawa, ila ile robo saa baada ya chakula cha usiku ilishinda waziwazi kwenye kuzuia sukari kupanda usiku. Watafiti wa New Zealand nao 2016 waliwafanyia wenye kisukari, dakika kumi baada ya kila mlo dhidi ya nusu saa wakati wowote mtu anaojisikia, zile kumi kumi zikashinda, na tofauti kubwa ilikuwa tena chakula cha usiku.

Ukifikiria kwetu inaeleweka. Chakula kikubwa ni cha usiku, saa tatu saa nne, wali nazi na maharage au ugali wa nguvu, alafu kochi, tamthilia, kitanda. Ule wanga wote unaingia kwenye damu wakati misuli imezimwa.

Ole wa Monduli

Mleta uzi mi napinga habari ya chakula. Babu zetu kwetu wamekula nyama na maziwa na mafuta maisha yao yote na hawakujua presha wala mafuta kwenye damu. Sasa mnatuambia soda na ugali. Tatizo sio mafuta, wazungu wametudanganya.

Mtu wa Maabara

Kaka Ole hapo umenigusia kitu nakipenda, na kwa bahati nzuri kimepimwa hapahapa Tanzania. Utafiti ulitoka 2010, watu karibu elfu moja, Wamasai, wakulima wa vijijini, na watu wa mjini. Wamasai wengi kweli walikuwa wanakula mafuta mengi na wanga kidogo, ila vipimo vyao vya mafuta kwenye damu vikatoka vizuri kuliko wote. Sasa usiishie hapo. Walipopima nguvu ambayo mtu anatumia kwa siku juu ya ile ya kuishi tu, Wamasai walikuwa kwenye kalori 2,565, watu wa vijijini 1,500, wa mjini 891. Mmasai alikuwa anatumia karibu mara tatu ya mtu wa mjini! Watafiti wenyewe walisema huenda ni huko kutembea ndiko kunawalinda.

Kwa hiyo ukitaka kula kama babu inabidi uchunge kama babu. Kula nyama choma kilo nzima pale Arusha mjini alafu urudi na boda mpaka getini, hiyo sio mila ni kitambi.

Na Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi wamevalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, matokeo yakatoka 2017, wana dakika kama 135 kwa siku za mwendo wa wastani kwenda juu. Kwa SIKU. Sisi tunaombana kufikisha 150 kwa wiki. Presha yao iko chini, kolesto yao iko chini, hata kwa wenye umri mkubwa. Na sehemu kubwa ya hiyo shughuli yao ni ya wastani, kutembea, kuchimba mizizi, kubeba, sio mbio.

Ole wa Monduli

Hahaha hiyo ya boda mpaka getini umenionea. Ila nimekuelewa.

Dereva wa njia ndefu

Mi naendesha Dar Mwanza wakuu. Natembea saa ngapi mimi? Kiti masaa kumi na zaidi, nikifika nalala. Mafuta yangu walipima wakasema 4.1 hizo trigliseridi.

Mtu wa Maabara

Mkuu wewe ndio nakuonea huruma kuliko wote hapa maana kazi yenyewe ndio ugonjwa. Ila kuna kitu kinakufaa, kukatakata ule muda wa kukaa. Watafiti wa Australia 2012 waliwakalisha watu wanene masaa matano baada ya kinywaji chenye sukari na mafuta, siku moja wamekaa tu, siku nyingine wanainuka kila baada ya dakika 20 wanatembea dakika mbili taratibu kabisa. Sukari na insulini zote mbili zilipanda kidogo zaidi siku ya kuinuka. Dakika mbili!

Najua kila dakika 20 na abiria nyuma haiwezekani, watakupigia kelele. Ila pale mnaposimama kula, abiria wakishuka wewe mara nyingi unabaki kwenye kiti na simu. Shuka, zunguka gari, kagua matairi yote taratibu, zunguka tena. Kula kwanza alafu zunguka, sio kuzunguka ndio ule unaondoka. Na pale njiani chipsi na soda ya baridi ndio zinazokumaliza kuliko kiti, nakwambia kwa upendo, kwa hiyo 4.1 yako ningeanza na soda kesho asubuhi. Kama unakunywa pombe ukifika, hiyo nayo iangalie.

Dereva wa njia ndefu

Soda nakunywa ili nisisinzie mkuu. Ila sawa, nitajaribu maji na kuzunguka gari.

bibi harusi mstaafu

Na sie wa nyumbani? Nafua kwa mikono nguo za watu sita, nadeki, nabeba maji ndoo, nikimaliza mume ananiambia ufanye mazoezi mama unanenepa. Nikamuuliza hii ilikuwa nini?

Mtu wa Maabara

Dada mwambie mleta uzi kasema hayo ni mazoezi tena ya wastani halisi. Mwili haujui kama umevaa raba au umejifunga kanga. Kipimo ni pumzi, kama unaweza kuongea ila kuimba unashindwa, upo kwenye wastani. Kufua kwa mikono na kubeba ndoo za maji kunafika hapo, kuosha vyombo umesimama hakufiki. Ukikaa siku nzima kwa sababu siku hiyo dada wa kazi kafanya kila kitu, siku hiyo ndio uende ukatembee.

Dkt mkimya

Huwa sichangii ila uzi mzuri, nina nyongeza moja ambayo nadhani ni muhimu kwa sisi weusi. Vitabu vingi vinasema usugu wa insulini unajionyesha kwa trigliseridi kupanda na HDL kushuka. Kwa watu wenye asili ya Afrika mara nyingi sio hivyo. Tafiti za Marekani kwa Waamerika weusi na kwa wahamiaji kutoka Afrika zinaonyesha mtu anaweza kuwa na usugu wa insulini kabisa na trigliseridi zake zikasoma 1.0, moja ya maelezo ni kwamba hicho kimeng'enya alichokitaja mleta uzi kwetu kinafanya kazi vizuri hata insulini ikiwa imegoma. Kwa hiyo mtu mwenye kitambi, ukoo una sukari, asijipongeze kwa trigliseridi nzuri. Pima kiuno, pima sukari ya asubuhi bila kula, na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, kama mfuko unaruhusu. Sukari ya asubuhi ikifika 7.0 na ikarudia, au HbA1c 6.5, hicho ni kisukari. HbA1c kati ya 5.7 na 6.4 ndio bado kuna nafasi ya kurudi nyuma.

Na kurudi nyuma kunawezekana. Ule utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002, watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, kundi la kula vizuri, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walioingia kwenye kisukari walipungua kwa asilimia 58. Kundi la metformin ilikuwa asilimia 31. Na Wachina kule Da Qing walianza mapema zaidi, 1986, kundi la mazoezi peke yake lilipunguza kisukari kwa asilimia 46 ndani ya miaka sita.

Mtu wa Maabara

Dokta asante, hii ya trigliseridi kwa weusi ilitakiwa iwe kwenye post ya kwanza. Ni kweli kabisa, mi kwenye kichupa naweza kuona maji safi ya njano yanayong'aa alafu sukari ya mtu huyohuyo inasoma 9.

Mpita Njia 254

Salamu kutoka Mombasa. Swali dogo tu, mimi natembea Mama Ngina jioni kila nikitoka kazini, sasa nikisafiri kikazi wiki mbili kila kitu kinarudi sifuri?

Mtu wa Maabara

Hapana mkuu, kwa aliyezoea miezi mingi haishuki yote. Walewale wa Duke baada ya miezi yao walisimamishwa wakapimwa tena baada ya siku 15, na waliokuwa wanatembea tu trigliseridi zao bado zilikuwa chini. Ile ya siku moja au mbili ni dozi ya mazoezi ya siku moja, ukiirudia miezi mingi misuli yenyewe inabadilika na mabadiliko hayo yanadumu zaidi. Ila wiki mbili hotelini una ngazi, zitumie, hasa usiku baada ya bufe.

mkulima wa mjini

Mleta uzi swali la mwisho kabla sijalala. Nataka nipime mafuta Jumatatu, nifunge masaa mangapi na je nitembee Jumapili au nisitembee ili majibu yawe ya kweli? Mara ya mwisho nilipimwa sehemu moja nikiwa nimetoka kunywa chai na maandazi, hakuna aliyeniuliza, wakaniambia mafuta juu nikapewa dawa hapohapo.

Mtu wa Maabara

Mkuu hapo walikosea, angalau wangekuuliza umekula nini na saa ngapi. Kolesto na LDL hazisumbuliwi sana na chakula ila trigliseridi zinapanda masaa kadhaa baada ya kula, chai ya maziwa na maandazi manne inatosha kukuharibia picha. Funga masaa 10 mpaka 12, maji ruksa, kwa hiyo ukila saa mbili usiku ukaja saa mbili asubuhi uko sawa. Pombe acha kuanzia Jumamosi.

Kutembea Jumapili fanya kama unavyofanya Jumapili zako zote. Kama huwa hutembei usije ukajikamua kilomita kumi siku moja kabla, trigliseridi zitashuka kwa muda na utaondoka na karatasi nzuri ya siku moja. Kama huwa unatembea, tembea. Na dawa ulizopewa usiziache mpaka majibu mapya yatoke uyapeleke kwa daktari, mwambie na ile habari ya maandazi. Tarakimu ukizipata ziweke hapa, ila jina na namba ya kadi futa kwanza.